Mara Mbili kwenye Bodi ya Lori

Salwa, mwanangu,

Mama yako na shangazi zako wako ndani wanapigana na sanduku lako. Mambo ya masweta, pasipoti, dawa za malaria na nani wa kumpigia simu ukifika Ujerumani nimewaachia wao. Kila nikichungulia mlangoni nafukuzwa. Kwa hiyo nimetoa kiti uani, nimeokota daftari lako la zamani la fizikia ambalo kurasa zake za nyuma ni tupu, na ninakuandikia kabla jua halijazama. Mkono wangu umezoea usukani, si kalamu. Vumilia mwandiko.

Tangu Jumanne sina raha. Mama yako ameniuliza mara tatu kama ninaumwa. Siumwi. Nimeshtuka, Salwa. Mimi nilidhani mshtuko ni kitu cha dakika moja, mtu anaruka, anashika kifua, halafu anacheka. Huu wangu leo una siku ya nne na bado umekaa.

Utajiuliza mbona ninaandika kwa Kiswahili wakati nyumbani tunaongea Kinubi. Kiswahili babu yako alikitoa jeshini, kikanifikia kikiwa lugha ya amri, nami nikakitumia hivyo hivyo: leta, shuka, nyamaza, funga geti. Nikikasirika nilihama kutoka Kinubi kwenda Kiswahili, na nyumba nzima mlijua hali imechafuka. Hiki cha kuandika nilikipata Mombasa, miaka ile niliyobeba mizigo nikiishi kwa shangazi yangu na kusoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa samaki. Nimekichagua kwa sababu jambo baya kuliko yote niliyokufanyia nilikufanyia kwa Kiswahili. Sioni haki kulitubu kwa lugha nyingine.

Sasa nianze na Jumanne. Uliniita Arua, kwenye stoo ile nyuma ya soko mnakofanyia majaribio ya mashine yenu. Nilivaa kanzu na koti, utadhani nakwenda kukuoza. Nilitarajia roboti yenye kichwa na mikono, inayosalimia. Nikakuta mkokoteni wa bati wenye magurudumu manne, jicho la kioo mbele na spika ndogo ubavuni, na wapakizi wameshaupa jina la Punda. Nilisema mbele ya wenzako na wageni waliokuja kutazama kwamba nimetoka Koboko yote hiyo kuja kuona meza inayotembea. Ulicheka, ukaniambia nizungumze nayo.

Nikazungumza nayo, na nikiri kwamba mwanzoni ilinifurahisha mno. Nilitumia Kiswahili chetu cha stendi, kile ambacho wanangu mliosoma mnakionea haya. "We Punda, kamata hii gunia ya simsim, peleka kwa mulango." Haikunisahihisha, haikutaka nirudie. Ilisema, "Nimesikia, mzee," ikaenda. Nilivimba kichwa. Nikamwambia yule mwenzako wa Kampala kwamba mashine hii ina adabu kuliko aliyeitengeneza.

Halafu ukasema niiambie irudi nyuma. Nilisimama mbele yake nikatoa ile sauti yangu.

"Rudi. Nyuma iko sawa, mutu hakuna. Rudi."

"Nimesikia, mzee," ikasema Punda. "Kugonga sijasikia. Sirudi."

Stoo nzima ilicheka. Mpakizi mmoja alipiga makofi. Mimi nilishika nguzo, nikafungua vifungo vya lile koti la kipumbavu. Nilikutazama. Wewe hukucheka. Ulikuwa umesimama kando ya mashine yako ukinitazama kwa macho yale yale uliyonitazama nayo ukiwa na miaka tisa, na hapo nikajua kwamba unajua, na kwamba hukuwahi kusahau hata siku moja.

Mwenzako alikwenda nyuma ya Punda, akatazama, akapiga bati kwa kiganja mara mbili. Punda ikarudi taratibu. Wageni wakafurahi. Ukaanza kuwaeleza jinsi ilivyotengenezwa, nami nikakaa juu ya gunia nikisikiliza kama mtu anayesomewa mashtaka.

Nitaandika nilivyoelewa, unisahihishe siku nyingine. Ulisema ndani ya Punda mna vitu viwili. Cha kwanza kimelishwa maandishi na maneno ya watu, mengi kupita akili, mpaka kikajua neno gani hufuata lipi. Ndicho kinachoelewa Kiswahili chetu kilichovunjika na kujibu kwa adabu. Lakini, ulisema, kinajua kusema vizuri tu. Hakijui kama kinachosemwa ni kweli. Cha pili hakijui kuongea hata salamu. Kina kanuni chache tu zilizoandikwa wazi: hili likiwepo na lile likiwepo, basi fanya, moja likikosekana, usifanye, na utaje lililokosekana. Cha kwanza kinasikia maneno na kuyapanga, cha pili kinayapima. Kwa Punda, "mzee amesema nyuma hakuna mtu" na "nyuma hakuna mtu" ni mambo mawili mbalimbali, na la kwanza halizai la pili hata mzee akipiga kelele namna gani.

Kisha mgeni mmoja akauliza kwa nini kile cha kwanza peke yake kisitoshe, maana kina akili kiasi hicho. Ukasema mlijaribu. Mlikiachia mashine chenyewe, na siku moja kikarudisha nyuma bila kugongewa, kikaangusha masanduku. Mlipokiuliza sababu, kikasema kimegongewa mara mbili, na hata kikaeleza sauti ilivyokuwa. Hakikukusudia kudanganya, ulisema. Katika maneno yote kiliyolishwa, kabla ya lori kurudi huwa kuna kugonga, basi kikajaza pengo kwa kitu kinachofanana na kweli.

Salwa, pale juu ya gunia nilitaka ardhi inimeze. Ulikuwa unamweleza mgeni kuhusu mashine, lakini uliyekuwa ukimsimulia ni mimi.

Wewe umekulia kwenye kabini ya lori, haya unayajua. Acha niyaandike yote kama ninayemwandikia mgeni, nisije nikaruka mahali panaponiuma. Dereva wa lori lililojaa haoni nyuma. Vioo vinamwonyesha mbavu za gari tu. Kwa hiyo utingo anashuka, anakwenda nyuma, anatazama kwa macho yake, ndipo anapiga bodi kwa kiganja. Moja, simama. Mbili, rudi. Stendi kila mtu anapiga kelele, muuza chapati anapiga kelele, mwenye mzigo ana haraka yake, na dereva hatakiwi kumsikia yeyote kati yao. Sheria hiyo nilikufundisha mimi mwenyewe, ukiwa huna meno ya mbele.

Utingo wangu alikuwa Lemi wa Lobule, mtu mzima mwenye watoto wawili. Jumapili alipiga ngoma kanisani kwao, na hata kwenye bodi kiganja chake kilikuwa na mwendo wake: ta, kimya kidogo, ta. Ningeweza kukitambua katikati ya vita. Siku ile tulikuwa hapa Koboko tukipakia mihogo mikavu, shule zimefungwa, wewe uko kabini na mimi. Mwenye mzigo alikuwa Majid, mtu wa maneno, anayeweza kukuuzia kiatu chako mwenyewe. Alining'inia dirishani kwangu: rudisha, bwana, iko sawa, mutu hakuna, mvua inakuja. Nikatazama mbingu. Kweli ilikuwa nyeusi.

Ukasema, "Baba, Lemi hajagonga."

Nikasema, "Nyamaza."

Nikatia rivasi. Lemi alikuwa ameinama kati ya lori na ukuta wa stoo, akiokota turubai lililoanguka. Sauti yake sitaiandika. Uliisikia.

Hilo lilikuwa kosa, na madereva tunakosea. Ningekiri pale pale huenda leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini siku ya tatu, Lemi akiwa hospitali hajui hili wala lile, mwenye gari na wazee wa stendi waliniita ofisini. Na mimi, mwanangu, niliongea. Sijawahi kuongea vizuri kama siku ile. Nilisema Lemi alitazama, akagonga mara mbili, kisha akarudi mwenyewe nyuma ya gari kufuata turubai bila kuniambia. Nilieleza mpaka mlio wa kiganja chake, ta, kimya kidogo, ta. Kila nilichoongeza kilifanana na kweli kwa sababu siku nyingine zote ndivyo ilivyokuwa. Majid alikuwepo, akanyamaza. Uongo wangu ulimfaa na yeye. Mzee mmoja akasema mtoto alikuwa kabini, basi naye aulizwe.

Nilikugeukia nikasema neno moja, "Sema," kwa Kiswahili.

Ukasema, "Ndiyo, baba. Aligonga mara mbili."

Nakumbuka ulikuwa umevaa gauni la Idi, lile la njano, na soksi moja imeshuka. Nilifurahi. Huo ndio ukweli wangu mchafu kuliko wote: nilifurahi, nikakununulia soda njiani, ukaishika mpaka nyumbani bila kuinywa. Mimi nikajiambia mtoto ameshiba.

Lemi alitoka hospitali na mguu usiokunjika. Akaambiwa na watu kwamba aligonga halafu akajipeleka mwenyewe. Yeye hakukumbuka kitu cha dakika zile, na maneno yangu yalikuwa mazuri, kwa hiyo akayachukua. Alirudi Lobule kulima kwa mguu mmoja na nusu. Mimi niliendelea kuendesha, nikajenga nyumba hii, nikawa mtu anayeitwa kusuluhisha ugomvi wa wengine. Wananiita kwa sababu naongea vizuri.

Kuna jambo dogo niliona miaka hiyo lakini sikutaka kuliona. Tangu siku ile hukuniambia tena "ndiyo, baba." Nikikutuma, ulisema, "Nimesikia." Ulikwenda, ulifanya, huna ukaidi, lakini ni "nimesikia" tu. Nilimlalamikia mama yako kwamba msichana anaota pembe. Jumanne nilipoisikia mashine ikinijibu kwa neno hilo hilo na kwa utulivu huo huo, ndipo nilipoelewa miaka kumi na sita ulikuwa unaniambia nini.

Nilikasirika pia, nisikufiche. Njiani kurudi Koboko nilikuwa nikikugombeza kimoyomoyo. Kwa nini mbele za watu? Kwa nini hukuja kwangu ukasema? Nilipofika Lurujo hasira ikaniishia, maana nilijiuliza ungekuja lini, na ningekujibu nini, na jibu lilikuwa moja tu, lile lile la kabini. Mashine yako ikikataa inataja sababu. Mimi nilikulea bila kukupa sababu hata ya kufunga geti.

Jana asubuhi nilimwambia mama yako nakwenda kuangalia ng'ombe wa mtu. Nikapanda boda mpaka Lobule. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, na nilipoona ninavyoyapanga vizuri nikaogopa, nikaamua kuyatupa. Lemi alikuwa nje ya nyumba yake anamenya karanga, mguu umenyooshwa mbele. Amezeeka, lakini mikono yake ni ile ile. Mkewe alinipa kiti. Nikasema, "Lemi, siku ile hukugonga. Niliwadanganya wazee, na nikamfanya mtoto anisaidie." Nilisema hayo tu.

Aliendelea kumenya. Akamaliza zile za mkononi, akazitia kwenye ungo.

"Mi najua," akasema. "Mutoto yako alikuja hapa mbele ya mwezi ya kufunga. Alilia kwa hiyo kiti yenye wewe umekalia. Alisema yote."

Nadhani nilisimama, kisha nikakaa tena, sikumbuki vizuri. Nilimuuliza mbona hakunitafuta, mbona hakuleta wazee, hakunitukana barabarani.

"Mi nangojea wewe ukuje na miguu yako," akasema. "Mimi yangu haifiki Koboko."

Kisha akaniambia lile lililonimaliza kabisa. Kwamba ulirudi kwake na kipande cha bodi ya lori na kinasa sauti, ukamgongesha siku mbili, moja na mbili, polepole na kwa haraka, mvua ikinyesha na jua likiwaka, mpaka mkono ukavimba. "Ile kugonga yenye mashine inajua," akasema, "iko ya mukono yangu." Na alicheka, Salwa. Mimi sikuweza. Mkono niliousingizia mbele ya wazee ndio ulioifundisha mashine yako mlio wa kuamini, na sauti yangu mimi, yenye kanzu na koti, haiisogezi hata hatua moja.

Aliniambia pia kuhusu ngoma. Hii sidhani kama unaijua, ndiyo maana naiandika. Baada ya kutoka hospitali hakuigusa tena. Alijiambia mkono unaogonga bila kichwa kujua haufai kuongoza watu kuimba. Miaka yote hiyo alikuwa anauogopa mkono wake mwenyewe kwa sababu ya maneno yangu. Ulipomwambia ukweli, Jumapili iliyofuata akaenda kanisani, akaomba ngoma. Mkewe anasema hakuna aliyeuliza kitu, walimpisha tu.

Nilimwomba msamaha. Hakuniambia ndiyo. Alisema, "Kwanza naangalia. Kuja tena." Nitakwenda tena. Leo baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda stendi na kuwaambia wazee wawili waliobaki kati ya wale wa siku ile. Mmoja aliendelea kuvuta tasbihi yake mpaka nikaondoka. Mwingine alisema bora ningekufa na siri yangu kuliko kuwasumbua. Watu wameanza kuongea. Utaona kesho majirani wakikuaga wananitazama upande. Mama yako nitamwambia ukishaondoka, maana nikimwambia leo sanduku halitafungwa.

Sina busara ya kukupa. Mtu aliyefanya niliyofanya akianza kushauri ni kichekesho. Ninalo hili moja tu, nililolilipia, nalo si ushauri bali ni habari: mtu akizoea kuaminiwa kwa maneno yake, inafika siku hajui tena kama anasema alichoona au kile tu anachojua kukisema vizuri. Haumii. Hakuna kengele inayolia ndani. Nilikuwa naongea ofisini pale na nikajiona karibu naamini. Wewe una ulimi wangu, usikatae, nilikusikia Jumanne ukiwashika wageni wale kama kuku mkononi. Huko watakupenda kwa ulimi huo. Weka karibu yako mtu wa kukuambia, "Sijasikia kugonga." Na akikuambia, usimwambie anyamaze.

Na nina swali ambalo nilishindwa kukuuliza mbele ya wageni. Siku moto ukiwaka stoo na mtu amenasa mbele ya Punda, na hakuna wa kugonga, itabaki imesimama inataja kanuni? Najua utakuwa na jibu. Labda utasema ndiyo maana inataja sababu, ili mtu aliyepo aone kanuni ipi ya kubadilisha. Nijibu ukifika. Napenda kubishana na wewe, na nimegundua hatukuwahi kubishana. Mimi niliamuru, wewe ulisikia.

Lile neno ulilosema ofisini ukiwa na miaka tisa, Salwa, halikuwa lako. Lilikuwa langu, nililipitishia mdomoni mwako. Ulilibeba mpaka Lobule ukaliomba radhi wewe, mtoto, kabla yangu. Nisamehe. Na ukitaka kuangalia kwanza kama Lemi, angalia. Sina haraka tena na mvua yoyote.

Kesho alfajiri gari litakuja kukuchukua. Unajua uani kwetu: kuingia ni rahisi, kutoka ni rivasi mpaka barabarani, na shangazi zako watakuwa wamezagaa kila upande wakilia na kupiga vigelegele. Mwambie dereva asimsikilize yeyote, hata mimi nikiropoka. Nitakwenda nyuma ya gari. Nitatazama kushoto, nitatazama kulia, nitainama nitazame chini. Nikiona hakuna mtu, nitapiga bati kwa kiganja mara mbili. Ukisikia, ujue nimetazama.

Baba yako,
Rajab